Slalomu ya Sketibodi katika Mitaa ya Eastlands, Nairobi

Slalomu ya sketibodi ni mbio za kupinda katikati ya koni zilizopangwa barabarani, mchezaji akiwa amesimama juu ya ubao wa magurudumu manne. Anayemaliza kwa muda mfupi zaidi ndiye mshindi, na kila koni anayoigonga humwongezea muda wa adhabu. Hapa hakuna kuruka ngazi wala kuteleza juu ya vyuma. Magurudumu hayaachi ardhi. Ndiyo maana mchezo huu hauhitaji uwanja maalumu wa saruji. Unahitaji kipande cha lami, koni, na ubao uliofungwa vifaa vinavyoufaa. Hicho cha mwisho ndicho huwashinda wengi, kwa kuwa sketibodi za kawaida zimetengenezwa kwa kazi nyingine kabisa.

Umbali kati ya koni ndio unaotenganisha aina za mbio. Katika slalomu ya kubana, koni hufuatana kwa mita 1.5 hadi 1.8, na miguu haipati nafasi ya kupumzika. Slalomu kubwa hutawanya koni hadi mita 3 na zaidi, nayo hukimbiwa mteremkoni. Kati ya hizo mbili kuna slalomu mseto, ambayo huchanganya mapindi ya karibu na ya mbali.

Mchezo ulishika kasi katika jimbo la California, Marekani, miaka ya 1970. Kabla ya hapo magurudumu yalikuwa ya chuma au ya mchanganyiko mgumu wa udongo, yakiteleza hovyo na kukwama kwenye kokoto. Frank Nasworthy alipoanza kuuza magurudumu ya yurethani mwanzoni mwa muongo huo, ubao ulianza kushika lami, na kupinda kwa kasi kukawezekana. Mashindano ya Del Mar ya 1975 yalikuwa na slalomu, na mwaka huohuo kampuni ya Tracker ikaanza kutengeneza traki pana, yaani ekseli za ubao, zilizobuniwa kwa ajili ya sketibodi badala ya zile zilizoazimwa kwenye viatu vya magurudumu. Mahali palipojenga jina la wakimbiaji kama Henry Hester palikuwa La Costa, kwenye barabara mpya za mtaa wa makazi ambao nyumba zake zilikuwa hazijajengwa. Kwa hiyo slalomu ni mchezo wa barabara za mtaa tangu asili yake. Baadaye vijana walihamia kwenye mabwawa makavu ya kuogelea na njia za kupandia hewani, slalomu ikabaki na wachache. Leo mbio zake za kimataifa husimamiwa na chama chake, ISSA. Sketibodi ilipoingia Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, ziliingizwa aina mbili tu, ya mtaani na ya uwanjani, slalomu haikuwamo.

Ardhi ya Eastlands

Sketibodi ya Afrika Mashariki imekua kwa kufuata viwanja vya saruji. Kile cha Kitintale, Kampala, kilijengwa na vijana wenyewe kwa mikono yao katikati ya miaka ya 2000. Nairobi inajulikana zaidi kwa uwanja wa Shangilia, ulio katika makao ya watoto huko Kangemi na uliojengwa mwanzoni mwa miaka ya 2010 kwa msaada wa shirika la skate-aid la Ujerumani. Lakini Kangemi iko magharibi mwa jiji, kando ya Waiyaki Way. Kijana wa Kayole au Umoja, mitaa ya Eastlands upande wa mashariki, hulazimika kushuka mjini, kuvuka jiji kwa miguu na kupanda matatu ya pili kabla ya kukanyaga ubao. Mchezo unaotegemea nauli ya kwenda na kurudi haudumu.

Upande wa mashariki una kitu kingine: tambarare. Jiji huinuka kuelekea Kangemi na Limuru, na hushuka kuelekea Embakasi, ambako ardhi hutulia katika kimo cha mita 1,600 na kidogo. Buruburu, Donholm, Umoja na Komarock zimekaa juu ya tambarare hiyo, huku miteremko ya maana ikipatikana tu pale barabara zinaposhukia Mto Nairobi na Mto Ngong. Mwendeshaji wa kushuka milima angeona hapa hakuna la kufanya. Kwa slalomu ya kubana na slalomu mseto, ardhi hii ni nzuri mno, kwa kuwa mbio hizo zinaweza kuendeshwa kwa nguvu za mwili: kila pindi likifanywa sawasawa husukuma ubao mbele, na mchezaji huongeza kasi bila kugusa chini kwa mguu na bila mteremko wowote.

Tatizo la Eastlands si umbo la ardhi, ni udongo. Sehemu kubwa ya tambarare hii ni udongo mweusi wa mfinyanzi ambao huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Lami iliyowekwa bila msingi wa kina huinuka, hujikunja na kufanya nyufa. Kabro zilizopangwa zikiwa sawa hubonyea upande mmoja baada ya misimu michache. Anayechagua ubao kwa kutazama picha za California, ambako lami ni laini kama kioo, atanunua vifaa visivyomfaa. Hapa ubao huchaguliwa kwa kuangalia chini kwanza.

Mahali pazuri pa kuanzia ni maegesho na njia za ndani za mtaa. Buruburu, iliyojengwa kwa awamu tano kuanzia 1973, ina korti nyingi ambazo nyumba zimezunguka eneo la kuegeshea na gari haliwezi kupita kwenda kwingine. Mitaa ya zamani kama Kaloleni na Maringo ina nafasi kubwa zaidi, ila nyingi ni nyasi na vumbi. Kayole na sehemu za Umoja zimejaa magorofa hadi ukingoni mwa barabara, na huko kinachobaki ni maegesho ya shule, kanisa au kituo cha maduka, kwa ruhusa. Barabara kubwa, Jogoo, Rabai na Outering, zisifikiriwe kamwe. Hata njia zake za waenda kwa miguu hupitwa na bodaboda zisizopiga honi.

Ruhusa yenyewe haina ugumu ikiombwa mapema kwa mtu anayehusika: mlinzi wa lango, kamati ya wakazi, au mzee wa nyumba kumi. Vijana wanaokwenda kwanza kwa wazee na kueleza kuwa mchezo hauharibu kingo wala ngazi hukubaliwa upesi kuliko wanaokutwa tayari wamepanga koni mbele ya gari la mtu.

Kuchagua vifaa

Magurudumu ndiyo yanayoamua. Sketibodi ya mtaani huja na magurudumu ya kipenyo cha milimita 50 hadi 54, yenye ugumu wa karibu 99A katika kipimo cha Shore. Magurudumu hayo yametengenezwa ili yateleze kwenye saruji laini. Kwenye lami ya Eastlands hutetemesha goti, na kwenye kiungo cha kabro husimama ghafla huku mchezaji akiendelea na safari. Slalomu hutaka milimita 60 hadi 68, na ugumu wa 78A hadi 84A. Gurudumu laini humeza kokoto, hushika chini wakati wa kupinda, na hupokea msukumo wa mwili bila kuteleza. Ukingo wake uwe mkali, hasa nyuma, kwa kuwa magurudumu ya nyuma ndiyo yanayobeba msukumo.

Traki, yaani ekseli inayopinda mchezaji anapoegemea upande, huchanganya wanaoanza kwa sababu ya mbele na ya nyuma hazitakiwi kufanana. Ya mbele huongoza, kwa hiyo ipinde kwa wepesi: pembe ya digrii 50 hivi, na bushi (mpira wa ndani ya traki) laini. Ya nyuma hufuata na kusukuma, kwa hiyo pembe yake iwe ndogo, digrii 30 au chini, na bushi ngumu zaidi. Traki za slalomu zenye pembe hizo ni ghali na huagizwa nje. Njia ya mkato ni kabari: vipande vya mbao ngumu au plastiki ngumu, vilivyokatwa kwa mwinamo na kuwekwa kati ya traki na ubao. Kabari ya mbele huongeza pembe, ya nyuma huipunguza. Jaribio lake ni rahisi. Egemeza ubao kwa mkono. Traki ya mbele ikipinda kidogo kuliko ilivyokuwa kabla ya kabari, imewekwa kinyume.

Traki nyembamba huitikia haraka, na upana wa sentimita 10 hadi 11 wa bomba la ekseli hutosha kwa koni za karibu. Anayeanza na traki pana kidogo hapati hasara. Atakosa wepesi, atapata utulivu.

Ubao wenyewe hupewa heshima kuliko unavyostahili. Jambo la kupima ni umbali kati ya traki mbili. Ubao wa mtaani huwa na sentimita 36 hivi, ambazo hazitoshi nguvu za nyonga kufanya kazi. Slalomu ya kujifunzia hutaka 43 hadi 50. Urefu wote wa sentimita 70 hadi 80 unatosha. Ubao usibonyee sana katikati, kwa kuwa nguvu ya pindi hupotelea humo. Plaiwudi nzuri ya milimita 12 hadi 15 kutoka kwa wauza mbao wa Gikomba inaweza kukatwa na fundi yeyote makini, ikapigwa vanishi na kubandikwa msasa juu. Matundu ya bolti yapimwe kwenye traki yenyewe, kwa kuwa traki za zamani na za sasa hazina nafasi sawa kati ya matundu. Magurudumu makubwa yanahitaji pia kipande cha mpira au mbao cha kuinua traki, ili gurudumu lisiguse ubao kwenye pindi kali. Likigusa, ubao husimama papo hapo.

Beringi ni jambo ambalo watoto wa Eastlands walilijua kabla ya sketibodi kufika, kwa kuwa vigari vyao vya mbao vimekuwa vikitembelea beringi kuukuu za magari. Za sketibodi ni aina ya 608, yenye tundu la milimita 8, kipenyo cha 22 na unene wa 7, ambayo hutumika pia katika mashine ndogo za umeme. Namba kubwa ya ABEC, kipimo cha usahihi wa beringi, kwenye pakiti isimtie mtu hasara. Vumbi na maji huua beringi ghali na rahisi kwa kasi ileile. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, zifutwe na kutiwa mafuta baada ya kila kuloa.

Nati za sketibodi hupimwa kwa inchi, wakati spana za mafundi wengi ni za milimita. Spana ya 13 hufungua nati ya ekseli vizuri, lakini ile ya 14 haiingii kwenye nati ya bolti kuu ya traki. Spana ya kujirekebisha humaliza ubishi huo.

Kuanza

Mguu wa mbele hukaa juu ya bolti za traki ya mbele, vidole vikielekea mbele. Wa nyuma hukaa karibu, kisigino kikiinuliwa. Magoti yalegee. Wanaoanza huzungusha mabega na kudhani wanapinda, ilhali msukumo hutoka nyongani: mwili hushuka kuelekea koni na kunyooka unapoiacha. Kabla ya koni, mchezaji aandike nyoka mrefu kwenye lami tupu mpaka ubao uongeze kasi wenyewe.

Koni za mazoezi ya kandanda zinafaa, na vikombe vya plastiki vilivyofunikwa pia. Chupa zenye mchanga hazifai, kwa sababu gurudumu likizipanda haziondoki. Mstari wa kwanza uwe na nafasi ya mita 2.1 hadi 2.4, kisha ubanwe taratibu. Ufagio wa kuondolea kokoto ni sehemu ya vifaa. Kofia ngumu na kinga za magoti haziahirishwi, kwani anguko la slalomu huja kwa upande na bila onyo.

Fedha zikiwa kidogo, kofia itangulie, magurudumu yafuate, kisha traki ya mbele. Ubao ununuliwe mwisho, au ukatwe kwa fundi wa mtaani.