Myahudi wa Shakespeare

Mwaka 1290 Mfalme Edward wa Kwanza aliwafukuza Mayahudi Uingereza, wala hawakupata ruhusa ya kurejea hadi 1656. Shakespeare, aliyezaliwa 1564 na kufariki 1616, hakuwahi basi kuiona nchi yake ikiwa na Mayahudi waliomwabudu Mola wao kwa dhahiri. Hata hivyo, katika miaka ya 1590 alimleta Shylock jukwaani.

Alimtwaa katika hadithi ya kale ya Kiitalia: mla riba adaiye ratili ya nyama ya mdeni wake. Lakini alimpa pia ulimi wa kujitetea, na alipojitetea hapana aliyemjibu. Mwishowe alilazimishwa kuwa Mkristo.

Mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, Julius Nyerere aliufasiri mchezo huo, akauita Mabepari wa Venisi. Mfanyabiashara mmoja akawa wengi, na neno bepari lilikwisha kubeba maana ya mnyonyaji. Kwa jina hilo lawama ikawaenea matajiri wote wa mji, wenyeji kwa Myahudi.

Amwandikaye asiyemjua huazima macho ya jirani zake. Shakespeare naye aliyaazima. Kilichomnusuru ni kumwacha mgeni aseme.