Breki za Diski katika Magari ya Michezo: Historia ya Kupambana na Joto

Diski na pedi zinazouzwa leo kwa magari ya michezo, ziwe laini, zenye matobo, zenye mifereji au za kauri, zimetokana na tatizo moja: joto. Breki hugeuza mwendo kuwa joto, na joto hilo lazima lipate pa kwenda. Gari la kilo 1,500 likisimamishwa kutoka kilomita 200 kwa saa hutoa joto la kuchemsha karibu lita 7 za maji baridi, tena kwa sekunde chache tu. Likisimamishwa kutoka kilomita 100, joto hilo ni robo yake. Kwa sababu hiyo breki inayofaa kabisa mjini inaweza kumtupa dereva mizunguko michache tu akiingia kwenye uwanja wa mbio.

Hataza ya breki ya diski ilisajiliwa mwaka 1902 na Frederick William Lanchester, mhandisi wa Birmingham, Uingereza. Wazo lake halikuwa na kasoro: sahani nyembamba ya chuma izunguke na gurudumu, nayo ibanwe kutoka pande zote mbili. Kilichomwangusha ni cha kubania. Alitumia shaba, ikapiga kelele kali na kulika upesi katika barabara za vumbi za wakati ule. Jibu lilitoka kwa Mwingereza mwingine, Herbert Frood, ambaye katika mkoa wa Derbyshire aliwaona wenye mikokoteni ya farasi wakifunga viatu vikuukuu kwenye breki zao ili zishike vizuri. Mwaka 1897 alianza kutengeneza bitana za breki, na kampuni yake ikaja kuitwa Ferodo. Mwaka 1908 aliingiza asbesto, madini yenye nyuzi yanayostahimili moto, na kwa miongo mingi breki za dunia zikawa za asbesto. Gharama yake ilikuwa kubwa: vumbi lake huua kwa kansa na magonjwa ya mapafu, na mafundi waliokuwa wakipuliza breki kwa upepo wa kompresa walilivuta bila kujua. Uingereza ilipiga marufuku asbesto mwaka 1999, na Umoja wa Ulaya wote mwaka 2005.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 diski ilikuwa pembeni. Zilizotawala ni breki za dramu, ambazo Louis Renault wa Ufaransa alizitengeneza mwaka uleule wa 1902. Silinda ya chuma iliyo wazi upande mmoja huzunguka na gurudumu, na ndani yake brekishu mbili hutanuka na kuikamata. Kwa mwendo wa kawaida hufanya kazi vizuri. Kwa mwendo wa mbio, dramu hupata moto, hupanuka na kuziacha brekishu, pedali huzama, na upepo wa kuipoza haufiki kule ndani. Diski iko wazi kwa upepo, na ikipata moto hunenepa kuelekea kwenye pedi badala ya kuzikimbia.

Ndege ndizo zilizoirudisha diski. Kampuni ya Dunlop, iliyokuwa ikitengeneza breki za diski za ndege, ilishirikiana na Jaguar kuzijaribu kwenye magari, na mwaka 1953 zikapelekwa kwenye mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa. Uwanja ule ulikuwa kipimo kikali: barabara iliyonyooka ya Mulsanne, karibu kilomita 6, iliishia kwenye kona ya kubana, na kila mzunguko, usiku na mchana, dereva alipaswa kupunguza mwendo kutoka zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Wenye dramu walianza kukanyaga mapema kadiri saa zilivyosonga. Wa Jaguar waliendelea kukanyaga kwa kuchelewa vilevile hadi mwisho. Tony Rolt na Duncan Hamilton walishinda kwa wastani wa karibu kilomita 170 kwa saa, na Jaguar nyingine zikashika nafasi ya pili na ya nne. Miaka miwili baadaye Mercedes, ambayo bado ilikuwa na dramu, ililazimika kufunga nyuma ya dereva bamba kubwa lililoinuka kukinga upepo ili kuzisaidia breki zake.

Baada ya hapo mabadiliko yalikwenda kasi. Mwaka 1955 Austin-Healey 100S ilikuwa na diski kwenye magurudumu yote manne, na mwaka huohuo Citroën DS ikaziingiza mbele katika gari la kuuzwa kwa wingi. Jaguar XK150 ilifuata mwaka 1957. Ferrari iling'ang'ania dramu hadi mwishoni mwa miaka ya 1950.

Diski ya kwanza ilikuwa sahani moja nzito. Mwaka 1966 Porsche iliipa 911 S diski za tabaka mbili zenye njia za hewa katikati, na mpaka leo hiyo ndiyo diski ya mbele ya karibu kila gari lenye nguvu. Matobo yalitoka kwenye mbio: Porsche iliyatumia kwenye 917, kisha yakaonekana kwenye 911 Turbo ya mwaka 1978. Kazi yake ilikuwa kutoa gesi iliyokuwa ikitoka kwenye gundi ya pedi za zamani zilipoungua, pamoja na kuondoa maji wakati wa mvua. Pedi za kisasa hutoa gesi kidogo sana, na kila tobo ni mahali ambapo ufa unaweza kuanzia. Kwa hiyo anayekwenda uwanjani afadhali achukue diski laini yenye njia za hewa, au yenye mifereji, ambayo husafisha uso wa pedi ingawa huila upesi. Diski zilizotobolewa kwa bei nafuu kwenye gari la michezo ni pambo la hatari.

Ukubwa nao una mipaka yake. Diski pana hubeba joto zaidi na humpa dereva nguvu zaidi ya kusimamisha, lakini huhitaji gurudumu kubwa. Magari ya mashindano ya dunia ya rali yamekuwa yakitumia magurudumu ya inchi 15 kwenye changarawe na 18 kwenye lami, hivyo diski za changarawe huwa ndogo. Subaru Impreza aliyoshinda nayo Colin McRae katika Safari Rally ya Kenya mwaka 1997 ilikuwa ya kundi hilo. Wenye Impreza za mitumba kutoka Japani walioko Nairobi na Dar es Salaam hukutana na sheria ileile: kalipa kubwa za Brembo, yaani vibanio vya pedi, hazikubali kila rimu ndogo.

Kwenye pedi ndiko wanunuzi wengi hukosea. Pedi ya mbio imetengenezwa kufanya kazi ikiwa ya moto. Ikiwa baridi, asubuhi kwenye foleni, haishiki ipasavyo. Pedi nyingi huchapwa herufi mbili pembeni. Ya kwanza huonyesha msuguano katika joto la kawaida, ya pili katika joto kali: E ni 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, na G ni 0.45 hadi 0.55. Ulaya, Kanuni namba 90 ya Umoja wa Mataifa hutaka pedi mbadala za magari madogo zisitofautiane na zile za kiwandani kwa zaidi ya asilimia 15. Kwa gari la barabarani, alama ya kanuni hiyo ina thamani zaidi kuliko neno "racing" kwenye boksi.

Diski ya kaboni tupu, iliyotumika kwenye ndege ya Concorde na kwenye Brabham za Formula One mwaka 1976, haifai barabarani kwa sababu huhitaji joto kali ndipo ishike. Kilichofaa ni mchanganyiko wa kaboni na kauri, ambao Porsche iliuweka kwenye 911 GT2 mwaka 2001. Uzito wake ni takriban nusu ya diski ya chuma, haushiki kutu, lakini kingo zake huumizwa kirahisi, huhitaji pedi zake maalumu, na bei yake ni kubwa kiasi kwamba wamiliki wengine huzitunza diski hizo stoo na kufunga diski za chuma siku za uwanjani.

Pedi nazo zimebanwa na sheria: mwaka 2021 California ilizuia shaba, ile ya Lanchester, isizidi asilimia 5 ya pedi mpya, kwa sababu vumbi lake hudhuru samaki.

Diski na pedi mpya hufungwa pande zote mbili za ekseli kwa pamoja, kisha huzoweshwa kwa kupunguza mwendo mara kadhaa bila kusimama kabisa, ili pedi iache utando sawia kwenye chuma. Mtetemo unaosingiziwa diski iliyopinda mara nyingi hutokana na utando uliokaa vibaya. Mafuta ya breki huvuta unyevu: yale ya daraja la DOT 4 huchemka kuanzia nyuzi 230 za Selsiasi yakiwa mapya, na kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155 yakishanyonya maji. Anayebadilisha diski na pedi za gari la michezo abadilishe na mafuta siku hiyohiyo.