Kabla Hujaambiwa, Sauti Imeshakuambia: Kutoka Litungu Mpaka Sabufa la Msibani

Leo tuwape likizo mastaa na mahusiano yao, tuongee historia kidogo. Usikimbie, ni historia yenye muziki ndani yake, na imetokea huku huku kwetu Mara.

Kwanza fanya jaribio. Tafuta filamu ya kutisha, ile uliyoiangalia ukashindwa kwenda chooni usiku peke yako. Iangalie tena ukiwa umezima sauti. Utamwona mtu anatembea, anafungua mlango, basi. Haitishi kabisa. Sasa weka singeli juu ya picha hiyo hiyo. Utacheka. Picha haijabadilika hata kidogo, kilichobadilika ni masikio yako.

Mimi hili sikulijua kwenye filamu. Nililijua msibani, mwaka jana, Bunda, tulipomzika bibi yangu. Nitafika huko. Ila ili unielewe lazima nianze na redio.

REDIO MOJA, NYUMBA KUMI

Sisi tumekua kila mtu na simu yake, kila mtu na wimbo wake masikioni. Enzi za wazazi wetu nyumba kumi zilikuwa zinasikiliza redio moja, na kwa miaka mingi redio yenyewe ilikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD.

Kabla ya taarifa ya habari zilikuwa zinapigwa ngoma. Wengi wetu tumezisikia bila kujua ni za nani. Ni za Mzee Morris Nyunyusa wa Dodoma, mtu aliyekuwa haoni, lakini alikuwa anapiga ngoma nyingi kwa wakati mmoja zikiwa zimepangwa kumzunguka. Bibi alikuwa anasema zile ngoma zikianza, hakuna mtoto aliyehitaji kuambiwa nyamaza. Aliyekuwa anapepeta anaacha, aliyekuwa anagombana na mumewe anaahirisha ugomvi. Mtangazaji hajasema neno, watu wameshakaa sawa.

Redio hiyo hiyo ndiyo ilikuwa inaleta raha. RTD ilikuwa inarekodi bendi kwenye studio zake, halafu nyimbo zinarudi mikoani kupitia hewani. Western Jazz na Saboso yao, NUTA Jazz na Msondo wao, na Musoma tulikuwa na yetu, Mara Jazz. Wazee wa Musoma mjini ukiwatajia jina hilo wanatabasamu kwanza, ndiyo wanajibu.

Kwa hiyo kaboksi kamoja kalikuwa na uwezo wa kukupeleka kwenye dansi, na kalikuwa na uwezo wa kukukalisha chini. Kazi hiyo ya pili ilikuja kuonekana vizuri Oktoba 1999.

SIKU REDIO ILIPOBADILIKA

Alhamisi, Oktoba 14, 1999, Rais Benjamin Mkapa aliitangazia nchi kwamba Mwalimu Julius Nyerere amefariki London, hospitali ya St Thomas', alikokuwa anatibiwa saratani ya damu. ITV ilikuwepo, lakini vijijini nani alikuwa na TV? Watu wengi wa Mara waliupata msiba wa mtoto wao kwa masikio.

Mimi nilikuwa na miezi miwili, niko mgongoni kwa mama. Bibi alikuwa anaanika udaga. Hadithi yake niliisikia mara nyingi mpaka nikaikariri. Alisema taarifa yenyewe hakuisikia vizuri, redio ilikuwa ya jirani na betri zilikuwa zimechoka. Kilichomshtua ni kilichofuata. Muziki wa kawaida haukurudi. Hakuna dansi, hakuna matangazo ya kuchekesha. Zikaja nyimbo za maombolezo, moja baada ya nyingine, polepole. Alisema, "Nikajua ni mkubwa. Mtu mdogo hawamzimii redio."

Nyimbo zilizobaki kwenye vichwa vya watu kutoka siku zile ni za Kapteni John Komba na kundi la TOT. Komba mwenyewe alifariki 2015, lakini sauti yake ikipigwa leo kwenye daladala, hata mtoto aliyezaliwa jana anajua hapa hapachekwi.

Siku tisa zilipita kwa mtindo huo, mpaka Jumamosi, Oktoba 23, Mwalimu alipozikwa nyumbani kwake Mwitongo, Butiama. Bibi alitembea kwenda huko na wanawake wenzake. Alisema njiani hawakuwa wanaongea sana, lakini walikuwa wanatembea kwa mwendo mmoja, kama kwamba ile redio bado inapiga.

Machi 2021 niliyaona mwenyewe. Usiku wa tarehe 17 kifo cha Rais Magufuli kilitangazwa, na asubuhi yake kijiweni kwa bodaboda Bunda hakuna aliyewasha spika. Hakuna aliyewakataza. Na wengine wao hawakuwa hata mashabiki wake.

MBONA POLEPOLE INATULIZA?

Jibu si la kichawi. Msikilize mtu mwenye huzuni anavyoongea: polepole, sauti ya chini, maneno anayavuta. Mwenye furaha anaongea haraka, sauti iko juu. Muziki unaiga hivyo hivyo. Wimbo wa taratibu wenye sauti nzito unausikia kama mtu anayelia karibu yako, na mwili wako unamfuata kabla akili haijauliza kuna nini.

Ndiyo maana baa wanaongeza mwendo usiku ukikolea, na ndiyo maana kwaya ya mazishi haikimbizi wimbo. Kila anayepanga muziki anakupangia na wewe moyo wako.

Wazee wa Mara walilijua hili kabla ya umeme. Kuna litungu, chombo cha nyuzi nane cha Wakurya, kikubwa, kizito, kina sauti inayotokea tumboni. Mpigaji anakaa chini nacho, wachezaji wanapiga hatua wakiwa na viatu vinene vya mbao, na ardhi inajibu. Ndugu zetu Wajaluo wa Rorya wana nyatiti, nayo nyuzi nane. Mpigaji anavaa njuga mguuni na pete ya chuma kidoleni, anapigia pale pale kwenye chombo. Nyatiti inapigwa kwenye sherehe na inapigwa msibani. Chombo ni kile kile, mpigaji ndiye anaamua leo tunaenda wapi.

MSIBA WA BIBI

Sasa turudi Bunda. Bibi alipofariki, sisi wajukuu tulichangishana tukakodi muziki mkubwa, masabufa mawili na DJ. Tulitaka msiba uchangamke, watu wasilale. Mwanzoni zilipigwa za injili. Ilipofika saa nne usiku DJ akaanza kuchombeza singeli. Vijana wakasimama. Nakiri, na mimi nilisimama.

Baba mkubwa akatoka ndani, akauliza swali moja tu: "Mnamzika mama yangu au mnazindua baa?"

Hatukuwa na jibu. Basi akaja mzee mmoja, rafiki wa marehemu babu, ametokea upande wa Tarime kwa bodaboda, litungu limefungwa kwenye blanketi. Akakaa kwenye kigoda, akaniangalia mimi niliyekuwa karibu na masabufa. "Mura, zima hilo dude."

Nikazima. Akaanza taratibu sana, kama anajaribu nyuzi. Halafu akamtaja bibi kwa jina lake la usichana, jina ambalo mimi sikuwahi kulisikia. Mama yangu mdogo, ambaye tangu asubuhi alikuwa anahangaika na masufuria tu, akakaa chini akalia. Mimi sikuwa nimelia tangu napigiwa simu. Nikalia pale pale, nimeshika waya.

Kitu ambacho sikukitegemea kilikuja karibu na alfajiri. Mzee akaongeza mwendo. Wanawake wakasimama wakacheza, na mtu akaanza kusimulia jinsi bibi alivyokuwa anahesabu vijiko vya sukari kwenye chai ya wageni. Tukacheka kweli kweli. Mzee ametushusha mpaka chini, amesubiri, ametupandisha. Masabufa yetu yalikuwa yanapiga kelele pale pale tulipo, hayakutupeleka popote.

Nilitoa simu nirekodi. Sekunde 40, ikaniandikia hifadhi imejaa. Imejaa nini? Video za watu nisiowajua wanacheza.

Asubuhi nilimuuliza yule mzee amemfundisha nani. Akasema wanawe wako Mwanza na Dar, na hakuna aliyeomba. Hakusema kwa uchungu. Alifunga litungu lake kwenye blanketi akapanda bodaboda.

Sisemi tuwafukuze madijei, wana kazi yao na wanaiweza. Ila ukiwa na babu, au jirani wa babu, mwenye chombo kimening'inia ukutani, futa video zako tatu leo umrekodi. Mimi nina sekunde 40, na ndani yake nusu ni sauti ya jogoo.

Na wewe mdau, ni sauti gani ukiisikia tu unajua nyumbani kuna jambo? Tuambie.