Thabeet, Hasheem

Hasheem Thabeet (alizaliwa Dar es Salaam, 16 Februari 1987) ni mchezaji wa mpira wa kikapu na Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, ligi kuu ya kulipwa ya mchezo huo nchini Marekani. Ana urefu wa mita 2.21, na hucheza nafasi ya senta.

Alianza mchezo huu akiwa na miaka 15. Anayetaka kuihukumu safari yake aanzie hapo, kwa sababu wengi aliokuja kupambana nao Marekani walikuwa wakidunda mpira tangu utotoni. Alisoma Makongo Sekondari, shule ya jeshi inayosifika kwa kulea wanamichezo. Dar es Salaam ilikuwa na viwanja vya sakafu ngumu, ringi na makocha. Kijana wa kimo hicho aliyezaliwa Kirando, kando ya Ziwa Tanganyika, pengine angeishia kuwa golikipa.

Alimalizia sekondari Houston, Texas, na mwaka 2006 akajiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun. Huko ndiko alikong'ara. Alisimama karibu na ringi, mikono juu, na kila aliyepenya ngome alikuta mtupo wake umepigwa kofi. Tarehe 31 Januari 2009, dhidi ya Providence, alifunga pointi 15, akadaka ribaundi 11 na kuzuia mitupo 10. Msimu huo Connecticut ilifika nusu fainali ya taifa, ikatolewa na Michigan State. Katika misimu mitatu alizuia mitupo 417. Katika historia ya chuo hicho aliyemzidi ni Emeka Okafor peke yake.

Juni 2009 Memphis Grizzlies walimchagua wa pili katika drafti ya NBA, nyuma ya Blake Griffin na mbele ya James Harden na Stephen Curry. Nafasi hiyo ilimtwisha mzigo mzito. Memphis tayari ilikuwa na senta hodari, Marc Gasol, hivyo Thabeet alipata dakika chache, naye bado alihitaji kujifunza kushambulia. Februari 2010 alipelekwa Dakota Wizards ya ligi ya maendeleo. Hakuna aliyechaguliwa juu kiasi hicho aliyewahi kushushwa huko kabla yake. Baadaye alichezea Houston Rockets, Portland Trail Blazers, na Oklahoma City Thunder kuanzia 2012 hadi 2014, akiwa na akina Kevin Durant na Russell Westbrook.

Kwa jumla alicheza mechi 224 za msimu wa kawaida wa NBA, kwa wastani wa pointi 2.2 na ribaundi 2.7. Takwimu hizi hutajwa mara nyingi kumbeza. Si haki: klabu ndiyo iliyomchagua wa pili, na miaka saba tu kabla ya hapo hakuwa mchezaji wa kikapu. Baada ya NBA aliendelea na kazi yake, akacheza Japani na Taiwan.