Kibanja, rweya na lenzi ya pili

Watu wengi huamini kwamba mwenye kamera Kagera anahitaji lenzi pana kwa sababu ya mandhari. Ziwa Viktoria limejaza upeo wa mashariki, kisiwa cha Musira kimekaa mbele ya mji wa Bukoba, na upande wa Muleba miinuko ya Kamachumu inamfanya mtu atamani kuizoa nchi nzima kwa picha moja. Tamaa hiyo ndiyo imeuza lenzi pana nyingi duniani, na mara nyingi imewapotosha wanunuzi. Ukiielekeza lenzi pana ziwani utapata anga nyingi, maji mengi, na kisiwa chembamba kama uzi. Kisiwa cha Bumbire, ambako msafiri Stanley alipigana na wenyeji mwaka 1875, kikipigwa kutoka bara kinataka lenzi ndefu. Hoja yangu ni kwamba ukitazama historia ya maisha ya Wahaya utaona kuwa lenzi ya pili, ile pana ya kuisaidia lenzi ya kawaida ya milimita 50, ilihitajika nyumbani kuliko popote pengine.

Nchi ya Wahaya ina sura mbili. Kuna rweya, mbuga ya nyasi iliyo wazi, mahali pa malisho na pa kukata nyasi za kuezekea. Na kuna kibanja, shamba la migomba na mibuni linaloizunguka nyumba pande zote. Kwenye rweya mpiga picha hana shida, kwani akitaka kuona zaidi anarudi nyuma. Kwenye kibanja anarudi hatua chache tu, mgongo unagusa mgomba, na majani yanashuka mbele ya lenzi. Hesabu yake ni rahisi. Filamu ya milimita 35 ina fremu yenye upana wa milimita 36, kwa hiyo msonge, ile nyumba ya nyasi ya Wahaya, wenye upana wa mita 8 unahitaji umbali wa mita 11 hivi kwa lenzi ya 50, na karibu mita 8 kwa lenzi ya 35. Kwa lenzi ya 28 zinatosha mita 6 na kidogo. Mwanya wa mita tatu kati ya 50 na 35 unaweza kuonekana mdogo kwenye karatasi, lakini ndani ya kibanja ndio unaoamua kama utapata nyumba nzima au kipande cha paa. Anayesema msonge ungepigwa vipande viwili vikaunganishwa baadaye anasahau kwamba mbele ya nyumba kuna watu, watoto na mbuzi, na hao hawasubiri.

Mtu anaweza kunipinga kwamba picha za Bukoba zilianza zamani kabla ya kamera ndogo, na ni kweli. Hermann Rehse, Mjerumani, alichapisha kitabu chake juu ya Kiziba, moja ya falme za Wahaya, mwaka 1910 kikiwa na picha, na msafara wa Duke Adolf Friedrich wa Mecklenburg ulipita Bukoba mwaka 1907 ukiwa na kamera. Lenzi pana nazo zilikuwepo: kampuni ya Goerz ilitoa Hypergon mwaka 1900, yenye kuona karibu nyuzi 140. Lakini Hypergon ilipitisha mwanga kidogo mno, na kamera za sahani za kioo zilitaka stendi ya miguu mitatu na watu waliosimama wima bila kutikisika. Nyumba ya nyasi yenye mlango mmoja ni giza hata saa sita mchana. Kwa vifaa vile, kazi ya kawaida ingekuwa ya uwanjani: mkama, yaani mfalme, na wazee wake, mashujaa na mikuki yao, sura ya nyumba kwa nje.

Kamera ya renjifainda ilibadilisha mambo hayo, japo taratibu. Leica ilitoka mwaka 1925, na mwaka 1932 ikapata kifaa cha kulenga kwa kulinganisha taswira mbili, mwaka uleule Contax ilipozaliwa. Kamera hizi hazina kioo cha kupinduka nyuma ya lenzi, kwa hiyo mtengenezaji aliweza kuisogeza lenzi pana karibu kabisa na filamu na kupata mistari iliyonyooka. Kwa nguzo na viambaza vya msonge, hilo si jambo dogo. Wenye kamera za kioo cha kupinduka walilazimika kungoja miaka ya 1950, lenzi za Angénieux zilipowafungulia njia.

Lenzi ipi, basi? Kwa hesabu ya pembe peke yake ningesema 28, kwa kuwa inatofautiana na 50 waziwazi, na wanaoidharau 35 kwa kuwa iko karibu mno na 50 wana hoja. Ila katika historia pembe haikutengana na suala la mwanga. Hektor ya milimita 28 ya mwaka 1935 ilikuwa na tundu la f/6.3, na Summaron 28 ya mwaka 1955 ikafika f/5.6 tu. Biogon ya 35 iliyotengenezewa Contax miaka ya 1930 ilikuwa na f/2.8, yaani mwanga mara tano ya Hektor, wakati filamu ya Kodachrome ya mwaka 1936 ilihitaji mwanga mwingi sana na Tri-X ya milimita 35, iliyotosheka na mwanga mdogo, ilifika mwaka 1954 tu. Ongeza kwamba lenzi pana huvumilia mtetemo wa mkono kuliko lenzi ya 50. Wenye Leica M3 ya mwaka 1954 walikuta dirisha la kutazamia lina mistari ya 50, 90 na 135. Aliyetaka 35 alifunga dirisha jingine juu ya kamera, hadi M2 ilipokuja mwaka 1957 na mistari ya 35 ndani yake. Kuhusu 21, sioni sababu ya kuichagua kuwa lenzi ya pili: inavuta kilele cha msonge juu, inapanua nyuso zilizo pembezoni, na anayeitazama picha huanza kuistaajabia lenzi.

Wakati nao ulikuwa unakimbia. Baada ya Vita Kuu ya Pili bei ya kahawa ilipanda, chama cha ushirika cha BNCU kikaundwa mwaka 1950, na fedha za mibuni zikaenda kwenye mabati na kuta zilizonyooka. Hivyo miaka ambayo kamera ndogo yenye 35 angavu ingeweza kuingia ndani ya msonge ndiyo miaka misonge ilipokuwa inapungua.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kilichochagua picha ni mamlaka: mtawala na mmisionari walipiga walichokithamini, na lenzi yoyote ingewatii. Ninakubali nusu. Mamlaka yanaeleza kwa nini mkama alipigwa picha nyingi na mama jikoni chache. Hayaelezi kwa nini hata mpenzi wa kweli wa nyumba hizi alirudi na picha za mlangoni. Chukua mfano wa chuma: mwanaakiolojia Peter Schmidt na wenzake, walipofuatilia uyeyushaji wa chuma kwa wazee wa Kihaya mwaka 1976, walikuwa na wazee wenye kumbukumbu ya kazi yenyewe, na kazi hiyo ikaonyeshwa baadaye katika filamu ya mwaka 1988. Tanuru hufanyiwa kazi na watu waliolizunguka, kila mmoja kwenye kiriba chake, na ukimpiga mmoja kwa 50 umepoteza mpangilio wao. Msonge uko vivyo hivyo. Anayetaka kuujenga upya leo anahitaji kujua nguzo inakutana wapi na kiambaza, paa linaanzia kimo gani kutoka sakafuni, ng'ombe walilala upande upi wa moto. Picha ya 50 iliyopigwa mlangoni inampa moja ya hayo kwa wakati mmoja, na anachohitaji ni uhusiano wa yote matatu katika fremu moja.