Ziwa Liitwalo Ziwa: Makosa ya Kiingereza Katika Majina ya Nyanza

Majina kadhaa ya Kiingereza ya Ziwa Victoria na nchi zinazolizunguka yalitokana na maneno ya wenyeji yaliyochukuliwa bila kuulizwa maana yake.

Mwaka 1858, mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alimwacha mwenzake Richard Burton akiugua Tabora, akafika Mwanza mwanzoni mwa Agosti. Kiswahili alikijua kidogo tu. Alizungumza Kihindustani na mkalimani wake, Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuishi utumwani India. Bombay aliuliza kwa Kiswahili, mtu mwingine akalipeleka swali kwa lugha ya wenyeji, na jibu likarudi kwa njia ileile. Burton baadaye alizitilia shaka habari zilizopita katika vinywa vingi namna hiyo.

Wenyeji walisema nyanza, yaani ziwa. Speke aliongeza jina la malkia wake, likawa Victoria Nyanza. Kufikia hapo maana ilikuwa sawa. Kosa lilikuja pale Waingereza walipoidhania nyanza kuwa jina la pekee na kuandika Lake Victoria Nyanza: ziwa likatajwa mara mbili. Ndivyo ilivyokuwa pia kusini, ambako David Livingstone alifika mwaka 1859. Nyasa nalo maana yake ni ziwa, na Ziwa Nyasa likaingia katika ramani.

Kosa la pili lilipitia Kiswahili. Mashariki mwa Ziwa Victoria, mkoani Mara, majina ya Bugwema, Butiama na Bunda yanaanza kwa bu-. Katika lugha nyingi za Kibantu za eneo hilo, kiambishi hicho hutaja nchi ya watu fulani. Kiswahili husema u-. Kwa hiyo Bukerebe, kisiwa cha Wakerewe, kiliitwa Ukerewe na watu wa misafara ya biashara kutoka pwani, ambao waliliita hivyo hata ziwa zima. Buganda nayo ikawa Uganda. Mwaka 1894 Waingereza walitangaza himaya yao kwa jina hilo, wakaendelea kulitumia hata kwa Bunyoro na Busoga, ambazo hazikuwa sehemu ya Buganda. Mpaka leo Buganda ni ufalme ndani ya nchi yenye jina lake.

Majina hayo sasa yamezoeleka, na kuyafuta si rahisi. Yaliyobaki katika vijiji vya Mara bado yana wazee wanaojua maana zake. Waulizwe kabla majina hayo hayajaandikwa vibaya.