Rimu Kwanza, Gia Baadaye: Black Mamba Katika Milima ya Chai

Baiskeli nzito nyeusi ambayo Wakenya waliibatiza Black Mamba haikuundwa kwa ajili ya miteremko ya Kericho na Bomet. Asili yake ni baiskeli ya barabarani ya Kiingereza, ya aina iliyoipa umaarufu Raleigh, kampuni iliyoanzia Nottingham mwaka 1887: fremu ya chuma, magurudumu ya inchi 28, mara nyingi gia moja tu, na breki zinazovutwa kwa vyuma virefu badala ya waya. Viwanda vya India viliuchukua muundo huo na kuuendeleza, Hero ya Ludhiana ikiwemo tangu 1956. Wakulima wadogo wa chai walipoongezeka, hasa baada ya shirika la chai la KTDA kuundwa mwaka 1964, barabara za vijijini zilikuwa za udongo na mizigo ilikuwa mizito. Fremu ile iliistahimili. Breki ndizo zilizokuwa na kasoro, na ndiyo sababu nashikilia kwamba yeyote anayetaka kuifungia Black Mamba vipuri vya kisasa aanze na rimu na breki, wala si gia.

Sababu yenyewe ni mvua. Kericho, iliyo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hupata mvua takriban mwaka mzima, na barabara yake ya kuelekea Kisumu hushuka hadi tambarare ya Kano, tofauti inayozidi mita 700. Breki za zamani hukandamiza raba kwenye rimu ya chuma, na chuma kikilowa raba huteleza. Wapo watakaosema kwamba vyuma vile havikatiki wala havihitaji kurekebishwa mara kwa mara kama waya. Ni kweli kabisa, ila udhaifu hauko kwenye vyuma. Uko pale raba inapogusana na rimu, na hapo rimu ya alumini hushika vizuri zaidi kwenye maji. Shida ni kwamba breki za zamani husukuma raba kuelekea upande wa ndani wa rimu, huku zile za waya zikibana ubavuni, kwa hiyo breki na rimu hubadilishwa pamoja. Rimu ya kisasa ya kipimo cha milimita 622 ni ndogo kuliko ile ya zamani ya 635, na raba inapaswa kufika milimita sita na nusu zaidi kuelekea chini. Fundi anunue breki yenye mikono mirefu, la sivyo raba itakula tairi.

Wapenzi wa vitu vya kale hulalamika kwamba mabadiliko ya namna hii yanaharibu historia. Naielewa hofu yao, hasa kwa mwenye Raleigh halisi, maana hesi za sehemu inayoshika ekseli ya pedali kwenye fremu nyingi za Raleigh za zamani ni 26 kwa inchi, ilhali kipimo cha kawaida ni 24. Kikombe cha kisasa cha ekseli hiyo kikilazimishwa humo, fremu imekwisha. Lakini gurudumu na breki hazigusi hesi hizo, na vipuri vya zamani vinaweza kuhifadhiwa na kurudishwa siku yoyote. Isitoshe, baiskeli iliyozaliwa Uingereza na kukulia Ludhiana imekuwa ikibadilika tangu zamani. Kuigandisha katika umbo moja ndiko kuipotosha historia yake.

Gia nazo zina nafasi yake. Habu ya Sturmey-Archer yenye gia tatu hupunguza uzito wa kupanda kwa robo katika gia ya chini, na fremu ya chuma, tofauti na ya alumini, huweza kupanuliwa kidogo nyuma ili kupokea habu pana. World Bicycle Relief, shirika lililoanzishwa mwaka 2005, liliipa baiskeli yake ya Buffalo gia mbili kwa kutumia minyororo miwili, bila vipuri laini vinavyoharibiwa na tope. Ni wazo zuri kwa nchi ya vilima. Atakayeniambia kwamba pikipiki imeshamaliza mjadala huu akumbuke kwamba pikipiki hula petroli kila siku, na maelfu ya watu hawawezi kuinunua.

Kwa hiyo, mwenye Black Mamba huko Litein au Sotik, kabla mvua za Machi hazijaanza, mwambie fundi wako akague rimu na raba za breki. Fedha ikibaki, ndipo mzungumze habari za gia.